Nabwile Anapanda Paa Mwenyewe

Huko Bungoma mjini, wakitaja habari za Nabwile, huanza na ile kelele ya kanisani Matulo, kana kwamba mwanamke alilala mtulivu akaamka mkaidi. Si kweli hata kidogo. Nabwile alizaliwa na ubishi wake Malakisi, kwa wakulima wa tumbaku, na alipoolewa Matulo na Wekoye alikuja nao pamoja na sufuria zake. Kwa wakwe alijifunza kusiriba nyumba za udongo, akawa na mkono laini ajabu, mpaka mwalimu mmoja wa hapo akamwambia hebu jaribu na ukuta wangu wa simiti, rangi nitanunua. Akajaribu. Mwalimu akaita jirani aje kuona, na jirani naye akataka ya kwake.

Basi kwa miaka mingi akapiga rangi Bungoma chini ya leseni ya mtu mwingine. Ndivyo mambo yalivyo. Kama huna leseni ya ukandarasi unajibanza nyuma ya aliye nayo. Jasho lako, bango la saiti lina jina lake, na yeye anakata chake bila kugusa brashi. Nabwile alivumilia. Ukuta wake ungeupitishia kiganja usiguse punje ya mchanga. Ila kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukigusa, nacho ni paa.

Kwa kina Wekoye, mke hapandi juu ya nyumba. Ni mwiko. Akipanda, wanasema, amemkalia mumewe kichwani, na mume hatamaliza mwaka. Nabwile mwenyewe hakujua kama anaamini ama haamini. Alijua tu kwamba anampenda Wekoye, na hakutaka kufanya majaribio na roho ya mtu. Kwa hiyo paa likihitaji rangi alitafuta wanaume, wakapanda, yeye akabaki chini akiwapigia kelele mpaka shingo inauma.

Kisha ikaja kazi ya ghala la Tarun. Tarun ni wa ile familia yenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, mtu wa maneno machache, asiyependa kurudia kitu. Mvua haikupiga mara nyingi kabla rangi ya paa la ghala lake haijaanza kubambuka, na kutu ikatokea chini yake. Akamwita Nabwile.

"Mama, hii paa uliangalia mwenyewe?"

Nabwile hakuwa ameangalia. Wanaume wale walimwambia wamekwangua kutu yote na kupiga koti mbili za rangi, na yeye akakubali, angefanya nini? Kumbe walipiga koti moja tu juu ya kutu, nyepesi, imezimuliwa kwa thina tupu, na mikebe iliyobaki wakaenda nayo. Yule mwenye leseni naye akafika, suruali imepigwa pasi, akamnyooshea Nabwile kidole mbele ya wapakiaji mizigo. "Huyu ndiye alikuwa hapa," akasema. Siku za sifa kazi ilikuwa yake, siku ya aibu ikawa ya Nabwile. Nabwile aliona haya mpaka masikio yakawaka, halafu haya ikaisha, ikabaki hasira, na hiyo haikuisha.

"Mimi sitaki kelele," Tarun akawaambia wote wawili. "Nataka mtu moja, nikimuuliza, anajua."

Jioni hiyo Nabwile alimkuta Wekoye akimenya viazi. Wekoye ni mpishi wa shule moja Webuye, na hata nyumbani kisu hakimtoki mkononi.

"Nataka leseni yangu mwenyewe," akamwambia.

"Si uchukue."

"Haichukuliwi hivyo, Baba Nafula. Nifungue kampuni, nipate cheti cha ufundi, ndio niombe. Mtihani wa cheti uko Kitale. Na nimeuliza, kazi ya paa iko ndani."

Kisu kikasimama. "Hakuna mtu anaweza kukupandia?"

"Hakuna. Na hata angekuwepo, sitaki. Nitaweka aje jina langu kwa paa sijawahi kuiona?"

Wekoye akarudi kwa viazi vyake, akavimenya kwa maganda membamba kuliko ilivyohitajika.

Habari haikulala. Kesho yake chai haijapoa, Sifuna huyo mlangoni. Sifuna ni kaka mkubwa wa Wekoye, mzee wa kanisa, mtu wa kusimama wima hata akiwa ndani ya nyumba. Hakuketi.

"Mama Nafula, ati nasikia unataka kupanda mabati."

"Umesikia vizuri, shemeji."

"Basi ukipanda, usirudi kwa hii boma. Mimi siwezi kuzika ndugu yangu sababu ya cheti."

Nabwile angependa kumchukia, ingekuwa rahisi. Lakini alimwona Sifuna akikitazama kiti cha Wekoye kana kwamba kiko tupu tayari, akajua haigizi, mtu anaogopa kwelikweli. Hilo ndilo lililomuuma. Lakini kuumwa si kunyamaza.

"Shemeji, wale wanaume walionidanganya juu ya paa ya Tarun, mwiko wao uko wapi? Wao wakipanda waibe, hakuna anayekufa. Mimi nikipanda nifanye kazi safi, nimeua mtu. Niambie vile hiyo inaingia akilini."

Sifuna aliondoka, chai aliyomiminiwa akaiacha mezani.

Wekoye hakuwahi kusema ndiyo. Wala hakusema hapana. Siku ya mtihani alivaa tu viatu mapema, akamfuata mkewe mpaka Kitale, akaketi karibu na lango la chuo akijikunja kwa baridi. Nabwile hakumuuliza kitu, aliogopa jibu.

Kuta na madirisha alivimaliza watu wengine wangali wanakoroga. Halafu Jelimo, mwalimu aliyekuwa anawatahini, akawapeleka kwenye stoo ya mabati nyuma ya karakana. Jelimo ni mwanamke mrefu wa huko Kitale, ovaroli yake ina rangi za kila aina, na sheria yake kwa ngazi ni moja tu: hakuna anayepanda bila mtu wa kuishika. Akampangia Nabwile mwenzake, fundi mmoja aliyetoka upande wa Bungoma. Fundi akaishika ngazi vizuri, kisha akauliza, kwa upole, kama mama ameolewa.

"Nimeolewa."

Akaiachilia. "Pole, mama. Sitaki kuingia kwa hiyo maneno. Mimi pia niko na watu kwetu."

Nabwile akawageukia wengine. Mmoja akakagua brashi yake. Mwingine akapata haja ya kwenda msalani. Mafundi wazima, watu wa kujisifu tangu asubuhi, hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni.

"Kwetu hiyo shida hatuna," Jelimo akasema, "lakini siwezi kukushikia ngazi na pia nikupe maksi. Bila mtu, nitaandika hujafanya."

Hapo Nabwile alikaribia kulia, na alijichukia kwa kukaribia. Ndipo aliposikia viatu kwenye kokoto. Wekoye alikuwa ametoka langoni, mikono bado imo mifukoni.

"Inashikwa wapi?" akauliza.

"Hapo katikati. Na uweke mguu kwa kile kipandio cha chini kabisa," Jelimo akamwambia.

Akaweka mguu. Nabwile akapanda. Aliogopa, na hofu yenyewe haikuwa ya kuanguka. Kila akitazama chini aliona utosi wa mumewe, mahali nywele zimeanza kupungua. Kisha akafika juu na kuona mabati kwa karibu kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi. Kutu ilijificha kwenye mikunjo na kuzunguka misumari, mahali ambapo mtu wa chini hawezi kuona hata akivunjika shingo. Alikasirika upya. Akakwangua kila msumari, akapiga ile ya kuzuia kutu, akangoja, akapiga ya juu. Aliposhuka, Wekoye alikuwa hai, analalamika tu kwamba mkono umekufa ganzi.

Cheti kikaja, kisha leseni ikaja, ya daraja la chini, kwa jina la kampuni yake. Boma nalo lilifungwa kama Sifuna alivyoapa. Wekoye akapanga chumba Webuye karibu na shule, wakabanana humo na watoto, na Nabwile alilikumbuka shamba lake la mboga kuliko alivyotaka mtu ajue. Mwaka ukaisha. Wekoye, kwa sababu anapika shuleni, alikuwa amenenepa. Sifuna akasema eti hayo ya Kitale hayahesabiwi, ni mbali, mwiko unaanza kuhesabiwa mtu akipanda nyumba ya hapa nyumbani.

Na nyumba ya hapa nyumbani ikaja yenyewe. Kanisa la Matulo lilitaka paa lipigwe rangi kabla ya mvua, na kwa kuwa fundi wa kwanza alikuwa ametoroka kazi ikiwa nusu, kamati iliamua safari hii ni mwenye leseni tu. Walipotafuta mwenye leseni wa karibu, wakampata Nabwile. Sifuna yumo kwenye kamati hiyo. Alisema sawa, apige kuta, paa atume wanaume.

"Hapana," Nabwile aliwaambia, amesimama mbele yao wote. "Paa ikiharibika mtaniuliza mimi. Basi napanda mimi. Kama hamtaki nipande, tafuteni kontrakta mwingine, na sitawanunia."

Walitazamana, wakatazama mawingu, wakakubali. Sifuna peke yake hakuinua mkono.

Jumamosi ya kupanda, Sifuna alikuja na shati lake jeupe la kanisani, na watu wakamfuata kwa sababu walijua kuna kitu. Nabwile alikuwa juu, ukingoni kabisa, mguu mmoja bado kwenye ngazi. Wekoye alikuwa chini ameishika, na Sifuna akaja akasimama karibu naye, chini ya mabati.

"Achilia hiyo ngazi, Wekoye."

"Nikiachilia ataanguka."

"Nakuambia kama kaka yako. Achilia, aone vile atashuka mwenyewe."

Wekoye ni mtu mpole. Watu hawajawahi kumsikia akimjibu kakaye, na siku hiyo hakupandisha sauti pia. "Kaka, mke wangu yuko juu," akasema. "Wewe ndio unaniambia niachilie. Sasa hapa, ni nani anataka kuua mtu?"

Watu wakageuka kumtazama Sifuna. Huko juu Nabwile alitaka kucheka, akataka kulia, akampenda Wekoye kuliko siku zote, lakini brashi ilikuwa imejaa na rangi haingoji mtu amalize mambo ya ndugu.

"Shemeji," akaita, "sogea kidogo hapo. Inadondoka."

Sifuna akatazama juu. Akatazama shati lake. Akasogea.