Kwaya kwenye tovuti yangu

Nilikuwa nashona nguo kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nikataka tovuti. Fundi wa tovuti, kule mjini mtaa wa Area 18, alinipigia hesabu, na ndani yake akaweka malipo ya watu wa kuvaa nguo zangu wapigwe picha. Nikakasirika.

“Mi niko na kwaya nzima, bote banavaa nguo zangu! Hao bengine ba nini?”

Malipo hayo tukayafuta. Jumapili, baada ya ibada, kwaya ilikataa kupigwa picha ikiwa kimya. Waliimba mpaka mwisho, na kwenye tovuti kila mtu yuko mdomo wazi.

Ujumbe wa kwanza ulitoka Chilinde, mtaa mwingine wa mjini: kwaya hiyo inaimba harusini kwa bei gani?

Nikajibu palepale: kwaya ni bure, lakini bibi harusi anashonewa kwangu.