Siku Nilipowaambia Watu wa Visa Niko Nyumbani

Nimewacheka watu wengi sana hapa Somanda kwa mambo yao, kwa hiyo leo ni zamu yangu, nichekeni tu, maana hata nikinyamaza mtaa mzima unajua: mimi, Minza, mke wa mtu, fundi cherehani, mwimbaji wa kwaya, nilifumaniwa gesti mchana kweupe na mama mkwe wangu, huku ofisa wa visa wa Uingereza akiangalia. Na mwanaume mwenyewe hakuwepo! Aibu yote ile nimeibeba bure, bila hata mtu wa kusaidiana naye.

Ilianza hivi. Mume wangu, Masanja, ni nesi. Alienda Uingereza kusoma, akapata kazi, akapata na ukaazi wa kudumu, akarudi likizo tukafunga ndoa, akaondoka, mimi nikabaki na cherehani yangu kwenye chumba cha kupanga nikisubiri kumfuata. Sasa kumfuata mume kule si suala la kukata tiketi, jamani. Yeye ndiye mdhamini, kwa hiyo lazima aonyeshe mshahara unaofika kiwango chao, miezi mfululizo, karatasi za benki zikubaliane na karatasi za mwajiri, halafu aonyeshe na nyumba ya kumtosha mtu na mke wake. Mara ya kwanza tulikataliwa. Mshahara ulipungua kidogo, na alikuwa anaishi nyumba moja na wanaume wengine watatu, wakaona huyu mke atawekwa wapi.

Kukataliwa si kitu, shida ni kwamba tulikuwa tumeshatangaza. Mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita Mayu, yaani mama, alichinja dume la ng'ombe kijijini kwake, watu wakala, wakaniombea, nikafungiwa vitenge vya safari, wazee wakanipa mawaidha ya namna ya kuishi na baridi. Halafu jibu likaja hapana. Nilikaa miezi nikikutana na watu sokoni wananishika mkono, "Hee, Minza, bado upo?" Mpaka nikawa nakwenda sokoni jioni kiza kikianza kuingia.

Ndiyo maana mara ya pili mimi na Masanja tukakubaliana kimya kimya, asijue mtu, hata Mayu. Masanja akaongeza kazi ya pili, akitoka wodini anakwenda kupanga bidhaa kwenye duka kubwa, akahama kwa wenzake akapanga vyumba vyake mwenyewe. Kazi ile ya pili ilikuwa ya mkataba na mkataba ulikuwa ukingoni. Tukikataliwa tena, karatasi zote zinakuwa za zamani, tunaanza upya, na mshahara ni ule ule uliopungua. Kwa hiyo nilipoletewa ujumbe kwamba nitahojiwa kwa video, siku hiyo hiyo nikaanza kutafuta pa kufanyia.

Walitaka niwe sehemu tulivu, peke yangu, yenye intaneti ya uhakika. Chumba changu kimepakana na mashine ya kusaga. Ikiwaka, hata radio unaiona inatikisika tu, husikii inasema nini, na mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Nikafikiri kanisani, mchungaji ataniuliza. Nikafikiri shuleni kwa rafiki yangu mwalimu aliyeniazima kompyuta, wanafunzi watajaa dirishani. Ndipo nikakumbuka lodge moja njia ya stendi, ina Wai-Fai, ina jenereta, na mchana haina watu. Nikajiona nina akili sana.

Nikavaa gauni langu la harusi ya mdogo wangu, nikasuka, nikajipaka na mafuta ya kung'aa (Masanja aliniambia wanaangalia hata muonekano, mtu asionekane amekata tamaa), nikamwita bodaboda jirani yetu, Shija. Nilipofika nikamwambia anishushe mbele kidogo ya lodge, si mlangoni. Halafu nikaongeza, kwa mdomo wangu huu, "Shija, usimwambie mtu kama umenileta huku."

Dada wa mapokezi akaniuliza, "Mko wangapi?"

"Peke yangu. Saa mbili tu, dada."

Akaniangalia gauni, akaniangalia nywele, akanipa ufunguo na tabasamu ambalo sikulipenda.

Saa nane kamili wakatokea kwenye kioo cha kompyuta. Ofisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na pembeni yake kwenye kiboksi kingine mkalimani, kaka mmoja mwenye Kiswahili cha pwani kilichonyooka mpaka nikaona aibu kufungua mdomo na hiki changu cha huku Usukumani. Swali la kwanza, wala halikuwa gumu: "Uko wapi sasa hivi, na uko na nani?"

Jamani. Masanja alikuwa amenisisitiza kwa wiki nzima kwamba anwani ninayoishi ilingane na ile ya kwenye fomu, ilingane, ilingane. Kichwani kukawa na neno hilo tu. Nikajibu, "Niko nyumbani. Niko peke yangu."

Neno moja, "nyumbani". Nilijua nimekosea kabla hata halijaisha kutoka, lakini mama alikuwa ameshaandika, nikaona nikirudi nyuma nitaonekana muongo, heri niende nalo tu litapita.

Na kweli mwanzoni lilipita. Akaniuliza mume wangu anafanya kazi gani, nikajibu. Kazi ngapi, zamu zake, nani anamlipa, nyumba anayoishi ina vyumba vingapi, choo anashirikiana na nani. Nikajibu yote, mpaka rangi ya mapazia nikaitaja, maana Masanja alinizungusha nyumba ile kwa simu kama dalali. Nikaanza kupumua. Mama akatabasamu hata.

Mlango ukagongwa na kufunguliwa palepale, dada wa mapokezi akaingiza kichwa na taulo. "Samahani dada, nimeleta sabuni. Na huyo mgeni wako akija, na yeye nimletee?"

Nilitegemea mkalimani atanyamaza, si jambo la mahojiano lile, lakini yule kaka alikuwa mwaminifu kwa kazi yake, akatafsiri neno kwa neno. Mama akashusha miwani. "Ni nani huyo? Na mgeni gani?"

"Ni... ni dada wa kazi," nikasema.

"Una mfanyakazi wa ndani?" Akafungua karatasi zake. "Hapa umesema unaishi chumba kimoja, peke yako, kwa ushonaji na fedha anazotuma mumeo."

Jasho likaanza kunitoka kwenye mafuta yale ya kung'aa. Nikasema ni dada wa kazi wa jirani. Akauliza jirani analeta taulo kwangu kwa nini. Nikasema huku kwetu tunasaidiana sana. Akaandika, akaandika, mimi naangalia juu ya kichwa chake tu nisikutane na macho, halafu akasema kwa upole ule unaotisha, "Naomba ugeuze kamera, utuonyeshe hapo nyumbani kwako."

Nikageuza taratibu nikitafuta ukuta mtupu. Hakukuwa na ukuta mtupu. Kulikuwa na kitanda cha futi sita na shuka yenye maua mekundu, na juu ya kitanda kibao chenye masharti ya wateja, na mkalimani, Mungu ambariki, akaanza kumsomea mama: "Ni marufuku kulala watu wa jinsia moja chumba kimoja. Ukizidisha muda utalipia. Usitoke na taulo."

Nilikuwa nataka kusema ukweli wakati huo. Naapa nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo nikasikia korido imejaa miguu na sauti ninayoijua ikisema, "Chumba kipi?"

Kumbe Mayu alikuwa amekuja mjini hospitali kuonyesha macho, akapita kwangu akakuta kufuli. Jirani akamwambia Minza ametoka amependeza ajabu, kapanda bodaboda ya Shija. Shija akapigiwa. Shija, aliyeombwa asiseme, akasema yote, na akasema pia kwamba aliombwa asiseme, na hilo la mwisho ndilo lililomaliza kesi. Mayu akamchukua shemeji yangu Mabula, mdogo wake Masanja, na Shija mwenyewe kama shahidi, wakaja.

Mlango ukafunguka ukapiga ukuta. Na mimi, kwa mazoea tu, mama mkwe akiingia mwanamke wa kwetu anapiga magoti kusalimia, nikapiga magoti. Kamera ilikuwa bado inaangalia kitanda, na mimi nikabaki chini, sionekani. Yule mama wa Uingereza akabaki anaangalia kitanda, mwanamke mzee mwenye fimbo akipiga kelele, watu wamejaa mlangoni, na Mabula anafungua bafu, anafunga bafu, anachungulia kabatini, halafu anaingia chini ya kitanda mpaka ikabaki miguu.

Sauti ya mkalimani ikatoka kwenye kompyuta, taratibu: "Ofisa anauliza, huyo mwanaume aliye chini ya kitanda ni nani?"

Nikainuka kidogo, nikaonekana kichwa. "Ni shemeji yangu."

"Anafanya nini hapo?"

"Anatafuta mwanaume."

Yule kaka akasita. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alisita tangu aanze kazi ile. Akatafsiri. Mama akavua miwani kabisa.

Mayu alikuwa hajaiona kompyuta, anaendelea kwa Kisukuma, fimbo hewani. Ofisa akamuuliza mkalimani Mayu anasema nini, mkalimani akasema hiyo lugha haijui. Basi mama akanigeukia mimi: "Tafadhali, tuambie wewe. Anasema nini?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna mtu kule angejua. Lakini nilikuwa nimeshachoka kubeba maneno, nikaona kama visa imekwisha basi angalau niishie kwenye ukweli. Nikatafsiri, machozi yananitiririka. "Anasema mimi ni malaya. Anasema mtoto wake anawaogesha wazee wa watu usiku, asubuhi anakwenda kubeba maboksi dukani, hapati usingizi, amekonda mpaka kwenye simu shingo imekuwa nyembamba, na yote hayo kwa ajili ya karatasi za kunichukua mimi. Anasema angejua asingechinja dume. Anasema mimi nimeletwa pale nyumbani kuwa binti yake, na leo nimemvua nguo mjini."

(Kumbe alijua kazi zote mbili. Masanja alishindwa kumficha mama yake.)

Halafu nikasema yangu. Kwamba hapa si nyumbani, ni lodge, nimekuja kwa ajili ya mtandao, kwamba nilisema nyumbani kwa woga, na yule dada si wa kazi. Nikamgeukia Mayu, nikamwambia kwa Kisukuma kwamba hawa kwenye kioo ndio wanaotoa visa, na walikuwa wananiuliza habari za Masanja.

Mayu akaishusha fimbo. Akasogea karibu kabisa na kioo, maana macho yake hayaoni vizuri, akawaangalia. "Mwadila," akawasalimia, kama mtu aliyekuta wageni kwake. Halafu akakaa kitandani, akajifunika uso na kanga.

Mama wa Uingereza akasema mahojiano yanasimama, ataandika alichokiona, na kama kutakuwa na la ziada tutaambiwa. Kioo kikawa cheusi. Kutoka nje ya lodge ile nilipita katikati ya watu, naona wauza machungwa, naona bodaboda wote wa stendi, Mabula nyuma yangu na vumbi la chini ya kitanda kichwani, na dada wa mapokezi anapaza sauti kwamba muda umezidi.

Nikampigia Masanja. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Uliwaambia uko nyumbani?" Sikulaumiwa zaidi ya hapo, na afadhali angenilaumu.

Wiki zilizofuata sikula vizuri. Kila simu ikilia naacha cherehani naikimbilia. Mwishowe wakaandika: nitoe maelezo ya kile kilichotokea, na barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha ninapoishi. Nikaenda ofisini na Mayu, aliyesema haniachi niende peke yangu tena mahali popote. Mwenyekiti alikuwa na watu kumi na kesi zao za mipaka na mbuzi, na ili aandike ilibidi aelewe, na ili aelewe ilibidi nisimulie kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Nilipofika kwa Mabula chini ya kitanda, mzee mmoja wa kesi ya mbuzi aliomba nirudie. Mayu akamjibu, "Hajaja kukuchekesha. Mwenyekiti, andika kwamba huyu ni binti yangu, anakaa Somanda, na mumewe anafanya kazi kwa mikono yake mwenyewe. Nitaweka dole gumba."

Akaweka dole gumba. Mpaka leo hajaniomba msamaha kwa mdomo, ila tulipotoka pale alinishika mkono njia nzima, na hakuniambia ni kwa sababu haoni barabara.

Visa ilitoka kabla mkataba wa Masanja haujaisha. Sijui ni ile barua, sijui ni karatasi za mshahara, sijui ni Mayu na fimbo yake, hawakusema, na mimi siwaulizi. Safari hii hakuna dume lililochinjwa. Nimeaga nyumba moja moja.

Ila kuna kitu kimoja nimejiwekea, na nakishika kuliko kiapo cha ndoa. Nyie mnajua sisi tulivyo, mtu anapigiwa simu uko wapi, yuko kitandani anajibu niko hapa kona naingia. Mimi nimeacha. Juzi mteja wa sketi kanipigia, "Fundi, uko wapi, nimesimama mlangoni kwako."

Nikamwambia, "Niko chooni, mama. Na sketi yako sijaianza."