Shangazi na Bwana Chanzo

“Mimi sijatunga wimbo hata mmoja maishani mwangu! Kutunga ni kazi ya wasiojaliwa. Mimi nyimbo hunijia zenyewe, zimeshaoga na kuvaa viatu!”

Hivyo ndivyo shangazi yangu alivyotamba jukwaani, gitaa begani, alipomjibu mwandishi wa gazeti aliyesimama kumuuliza anatungaje nyimbo zake. Ukumbi ulilipuka. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nimesimuliwa makofi hayo mpaka viganja vinaniuma. Maneno yenyewe nyumbani tuliyachukulia kama pambo tu.

Ukweli ni kwamba shangazi ni fundi cherehani, na nyimbo zake zilimtoa jasho. Ule wimbo wa mlango, ambao watoto wa shule huuimba wakiwa mstarini, aliushona na kuufumua kama kola ya mteja msumbufu, mapigo akiyapata kwenye kanyagio la cherehani. Ukiusikiliza vizuri utasikia hata pale mguu unaposita ili uzi ubadilishwe.

Sasa koo lake limeota uvimbe. Daktari hakumung’unya maneno: Jumatatu wanapasua, na sauti haitarudi. Shangazi hakulia. Alirudi kwenye cherehani, akaniita kwa sauti iliyokwishakuwa ya bawaba yenye kutu.

“Wewe, Nusu Diploma!” Ndilo jina langu pale nyumbani, nilisomea kompyuta nikashukia njiani. “Hiyo ensaiklopidia yenu ya mtandaoni, inayoandikwa na kila mtu, inasemaje juu yangu?”

Nikamsomea kutoka kwenye simu: “Mwimbaji. Anafahamika kwa wimbo wa mlango, ambao ni wimbo wa jadi usiojulikana mtunzi.”

“Usiojulikana?” Mguu ukaganda kwenye kanyagio. “Na mimi niliyekaa hapa ni nani, mtumba? Andika mtunzi ni mimi. Kabla ya Jumatatu. Nikishakuwa bubu, nani atanibishania?”

Nikaandika. Chai haijapoa, maandishi yangu yamefutwa. Mhariri mmoja wa kujitolea, sijui anaishi sayari gani, alikuwa ameacha neno moja tu: “Chanzo?”

Nikarudisha, nikaeleza kwamba mtunzi mwenyewe yuko mbele yangu amenikunjia uso. Akafuta. “Ndugu wa mhusika si chanzo.” Nikataja kanda zake za zamani. Majalada ya kanda, akajibu, yameandika mwimbaji, hayakuandika mtunzi. Shangazi akashika koo, akaimba ubeti mzima mbele ya simu, nikampelekea. “Kuimba si kutunga. Leteni kitu kilichochapishwa.”

Tukambatiza Bwana Chanzo.

“Huyu, mama yake alipomzaa, alidaiwa chanzo?” shangazi akauliza. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Ijumaa tukaenda kwenye maktaba ya lile gazeti lililomhoji jukwaani, chumba cha chini chenye harufu ya karatasi kuukuu. Mtunza maktaba, kijana mpole mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, alituletea jalada la magazeti ya zamani, kubwa kama meza, akalifunua taratibu.

“Huyu hapa, mama.”

Picha ilikuwa nusu ukurasa. Shangazi alikuwa amesahau miwani, akaipapasa picha kwa vidole.

“Nilikuwa mzuri, eh?”

“Ulikuwa hatari, shangazi.”

“Basi hiyo ndiyo dawa ya Bwana Chanzo. Nisomee.”

Nikaanza kusoma kimya. Chini ya picha, kwa herufi nzito, mwandishi aliweka swali lake, na chini ya swali, jibu.

“Soma kwa sauti! Ulimi umeuacha nyumbani?”

Nikasoma. Sijatunga wimbo hata mmoja. Nikasoma mpaka kwenye viatu.

Shangazi akashusha mkono kutoka kwenye picha.

“Lakini nilikuwa natamba,” akanong’ona. “Ukumbi mzima ulijua natamba. Walicheka.”

“Kicheko hawakukichapisha, shangazi.”

Akamgeukia mtunza maktaba. “Baba, nitafutie lingine.”

“Mama, kwa jina lako lipo hili tu.”

“Tafuta.”

Akaenda, akatafuta, kwa heshima tu. Akarudi mikono mitupu.

Shangazi akakaa kwenye stuli. Mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga sakafu, kanyagio lisilokuwepo, mapigo yaleyale, na pale pa kubadilisha uzi ukasita. Akafungua mdomo aingie kwenye ubeti wa kwanza. Ikatoka pumzi. Mguu ukaendelea.

“Tusimpelekee Bwana Chanzo hili,” nikasema. “Atakufuta kabisa. Ataandika umekana mwenyewe.”

“Tusipompelekea, tuna nini kingine?”

Nikashika jalada nilifunge.

“Mwambie kijana apige nakala,” akasema. “Angalau picha inasema nilikuwepo.”

Nakala ya ukurasa mmoja ni elfu mbili.