Kiatu Chenye Doa Jeupe

Fundi cherehani wetu hakuwa na daftari. Alikupima mara moja tu, na mwaka mzima baadaye angekushonea suruali nyingine bila kugusa futi. "Daftari langu ni macho," alijigamba, na kweli nguo zilikaa. Kwa macho hayohayo alisimama mahakamani akamnyooshea kidole mpaka rangi wa mtaani, kwamba ndiye aliyemchoma kisu mwenye duka la jirani. Mpaka rangi alifia gerezani. Miezi miwili baadaye muuaji mwenyewe alikamatwa, akakiri.

Siku hizi fundi ana daftari. Anapima, anaandika, anapima tena. Jana alinikabidhi futi. "Nisomee wewe, jirani." Nikasoma: thelathini na nne. Akaandika, akataka nirudie. Nikamwambia yaliyopita si ndwele. "Kamwambie mama wa yule mpaka rangi," akanijibu, kalamu akaiweka chini. "Nimekubali hakuwepo. Lakini nikifumba macho namwona anatoka dukani na kisu, kiatu chake kina doa la rangi nyeupe. Doa lenyewe nililiona kweli, ila ni wiki moja kabla, humu ndani, nilipopiga magoti kumpima urefu wa suruali. Sijui kile kiatu kilihamaje kwenda mlangoni pa lile duka. Nimekirudisha humu mara ngapi! Nikifumba macho, kiko kulekule." Akaokota kalamu. "Haya, nisomee tena kiuno."