Refa na Ringi Inayotikisika

Refa wetu wa basketi hapa mtaani hutembea na kitabu cha sheria kwenye mfuko wa nyuma, kimefungwa kwa nailoni, na sijawahi kumwona akikifungua. Hukigonga tu mara mbili kwa kiganja, kisha anapuliza filimbi na kuamua. Jumamosi tulikuwa mbele kwa pointi moja, sekunde ya mwisho, na fainali tunaiona hivi. Mpira wa wapinzani ukazunguka juu ya ringi. Lori la mchanga likapita barabarani, na ringi yetu, ambayo imeshikwa na waya, ikatikisika kama kawaida yake. Mpira ukaanguka nje. Refa akagonga kitabu.

“Nambari tisa ametikisa ringi mpira ukiwa juu. Wapewe pointi mbili.”

Nambari tisa ni Khavere, nahodha wetu, na alikuwa katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

“Refa, si hiyo ilikuwa lori?” Khavere akauliza.

“Lori halina jezi, dada. Sasa mimi niandike nambari gani?”

Akaandika tisa, kwa mwandiko mzuri ajabu, na wale wakaenda fainali.