Alama Nyekundu Niliyoichora Mwenyewe

Nyumba yangu niliichora alama ya kubomolewa mwenyewe. Mchana kweupe, kwa mkono huu huu.

Msinicheke kwanza, wajukuu zangu. Nisikilizeni.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini tangazo nililielewa: mji mkuu wetu unakuwa jiji la kimataifa. Barabara pana itapita kichochoroni kwetu. Nyumba yenye alama nyekundu itabomolewa, mwenyewe apewe chumba kwenye maghorofa mapya.

Nilipakana ukuta na shoga yangu, fundi cherehani, miaka thelathini na moja. Nikiamka nagonga mara mbili. Naye anagonga. Basi, wote tu wazima.

Alizoea kunitania ninavyosugua ukuta wa nje kila Jumamosi.

"Shoga, utautoboa huo, tuingiliane bila hodi."

Magari ya kuhamisha yakaja. Wenye alama wakapanda, shoga yangu akiwemo. Mimi sikuwa nayo, sikuitwa.

Mtaani wakasema kuna mkubwa ananikingia kifua. Mkubwa ninayemjua mimi ni sufuria la harusi.

Shoga akanipigia simu kutoka ghorofa ya saba.

"Chumba kinachopakana na changu kiko wazi. Nimetundika dirishani shuka lako ulilonipa nishone, wajue kina mwenyewe. Fanya haraka, mwenzangu."

Ndipo nikanunua kopo la rangi nyekundu. Nikachora.

Kesho yake akaja mpima ardhi. Akaitazama alama, akanitazama mimi.

"Bibi, wenzako wanalia tuwafutie, wewe unachora?"

"Mlinisahau, mwanangu."

"Hatukukusahau. Kwanza tulipita na chaki, namba ndogo kando ya kila mlango. Wenye rangi walifuata chaki. Kwako hawakuikuta."

Nikatazama kando ya mlango wangu.

Nilikumbuka. Jumamosi moja, kabla hata ya tangazo, nilitoka na brashi na sabuni nikiwasema watoto wa watu kwa kunichafulia ukuta.

"Basi niandike sasa."

"Ramani imeshafungwa. Barabara tumeipindisha ikukwepe. Wakubwa wamefurahi, eti wageni watapata nyumba ya zamani ya kupiga picha."

Kile chumba kapewa mtu mwingine. Shoga kanirudishia shuka, kalipiga pasi kabisa.

Sisemi uongo: maji sasa hayakatiki, kichochoro kina taa, na mjukuu wangu kapata kazi hoteli mpya. Watu wa kila nchi wanasimama mlangoni kwangu, wanapiga picha, wananipungia mkono. Nami nawapungia.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba chumvi.

Ninachowaachia ni hiki: wakiandika mlangoni kwako usichokielewa, gonga kwa jirani uulize kabla hujashika brashi. Mimi jirani nilikuwa naye ukuta kwa ukuta, na sikuuliza.

Asubuhi bado nagonga mara mbili.

Upande wa pili yanapita magari.