Baba na Chembe Isiyoulizwa

Baba yangu, Mwalimu Nahumu, alikuwa na ugonjwa wa vitabu. Mwaka 1953 mmisionari mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kitabu cha fizikia, na tangu siku hiyo pale Njombe hatukupumua. Jirani akija kuomba chumvi aliondoka na habari za chembe ndogo ndani ya atomu, ambayo haina mahali pamoja mpaka uipime, na ukiipima umekwisha kuibadilisha.

"Watu nao ni hivyohivyo," alisema huku akimenya viazi. "Ukimbana mtu kwa swali, unampa jibu ambalo hakuwa nalo."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilimpenda baba kwa maneno hayo.

Kisha nikampenda Romanus, Mkatoliki, fundi wa malori huko Makambako. Kwetu Walutheri, binti aliyemfuata mume kwa Wakatoliki alitengwa: jina lake lilisomwa ibadani, naye akahamia benchi la nyuma. Wazee wa kanisa wakaniita, baba akanisindikiza.

"Tabea, sema leo," alianza Mzee Efraimu. "Uko kwetu au uko kule?"

Kusema kweli nilikuwa sijui. Kabla sijafungua kinywa, baba akasimama.

"Mzee wangu, huyu bado yuko pande zote mbili. Mkimbana leo, jibu litakuwa lenu, si lake. Mpeni mpaka mavuno."

"Mwalimu na chembe zake!" wakaguna. Lakini walikubali, nadhani ili akae chini.

Miezi minne baba hakuniuliza hata mara moja. Tulipalilia, tukachimba viazi, akanisimulia atomu. Nilivimba kichwa kwa kuwa na baba msomi namna ile.

Mahindi yalipokwisha kuingia ghalani, nilimwambia mwenyewe.

"Baba, naenda kwa Romanus."

"Nilijua."

"Mbona hukuniuliza? Ni kwa sababu ya ile chembe?"

"Chembe gani, mwanangu! Nilikuwa naogopa jibu."

Akalia mbele yangu, bila kujificha.

Jumapili jina langu liliposomwa, nilikwenda benchi la nyuma. Baba akaacha kiti chake cha mbele, kiti cha mwalimu, akaja kukaa kando yangu na kitabu chake cha nyimbo. Kanisa zima liligeuka kumtazama. Hakuna aliyethubutu kumwuliza yuko upande gani.